Mirathi: uende mwenyewe, utafute wakili, au uikabidhi RITA?

Arobaini ikishapita na wageni wakisharudi makwao, ndipo simu huanza kunijia. "Dada, tunatafuta wakili wa mirathi. Unamjua nani?" Nimekuwa msaidizi wa kisheria hapa Morogoro kwa miaka kadhaa, na kila ninapoulizwa hivyo sitaji jina. Huuliza kwanza: marehemu alikuwa akiishi wapi? Aliishi kwa dini, au kwa mila za kwao? Ameacha nini, na nani wanadai? Mmeshakaa kikao? Wengine hukasirika kidogo, maana walitaka namba ya simu nami nimewarudishia maswali. Lakini humo ndimo inamojulikana kama mnahitaji wakili, au mnahitaji nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo na subira, au mali hiyo ingekuwa salama zaidi mikononi mwa Kabidhi Wasii Mkuu, yaani mkuu wa RITA, wakala wa serikali ambao pia unaweza kusimamia mali za marehemu.

Ninaandika kuhusu Tanzania Bara. Zanzibar ina njia zake, nitazigusa mbele.

Mahakama kwanza, mtu baadaye

Bara hatuna sheria moja ya kugawa mirathi. Tunazo tatu, na tofauti zake si ndogo. Chukua mjane mmoja, watoto wanne, mume kafariki bila wosia. Mirathi ikigawanywa Kiislamu, mjane huyo anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Ikigawanywa kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika kwa Wakristo wengi na wengine wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu, anapata theluthi moja na watoto wanapata theluthi mbili. Ikigawanywa kwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali namba 436, mjane hana fungu iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mama ni yule yule, nyumba ni ile ile. Kinachobadilika ni sheria itakayosomwa.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoamua mlango wa mahakama. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Mirathi ya Mkristo aliyeishi maisha ya mjini, mbali na mila za kwao, inakwenda ngazi za juu: Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama mali ni ndogo, la sivyo Mahakama Kuu. Jina la ubatizo peke yake halitoshi kuamua. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi: alioa kwa namna gani, alizikwa vipi, alikuwa akirudi kwenye mambo ya ukoo au aliyaacha, aliandika au kusema nini alipokuwa hai.

Halafu kuna mahali. Mirathi katika Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu wakati anafariki. Pale alipozikwa au alipozaliwa hapahesabiwi. Hili nalisema kwa uchungu. Baba yangu aliishi Morogoro mjini zaidi ya miaka ishirini, akazikwa kijijini kwao, na sisi tukafungua mirathi huko huko kijijini kwa sababu wazee walikuwa pale na shamba lilikuwa pale. Aliyetujazia fomu alijiita wakili, na hakutuuliza baba aliishi wapi. Miaka mitatu baadaye ndugu mmoja alipopinga, kila kitu kilifutwa: uteuzi, mgawo, na mauzo ya kiwanja kimoja yakabaki yananing'inia na mnunuzi akitudai. Tukaanza upya Morogoro. Pesa tuliyolipa mwanzo ilikuwa imenunua karatasi isiyo na nguvu.

Ndiyo maana simpimi msaidizi wa mirathi kwa ufasaha wake wala kwa tai yake. Nampima kwa swali lake la kwanza. Akianza na "mali ina thamani gani?" kabla ya "marehemu aliishi wapi na kwa taratibu gani?", mimi naaga.

Tofauti ambayo watu huichanganya

Kuna msimamizi wa mirathi, na kuna anayemsaidia msimamizi. Ni watu wawili tofauti. Msimamizi ndiye anayeteuliwa na mahakama, anaapa, anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, kisha anatoa hesabu. Akikosea ni yeye anayeshtakiwa. Wakili, au mimi msaidizi wa kisheria, tunakaa pembeni yake. Kwa hiyo ukimlipa wakili hujauhamisha mzigo, umetafuta mtu wa kukuonyesha njia ya kuubeba. Ukiikabidhi RITA ndipo mzigo wenyewe unaondoka kwenu, na funguo nazo zinaondoka.

Nimeziweka njia tatu pamoja hapa, kwa ufupi:

| | Mwenyewe, na msaidizi wa kisheria | Wakili | RITA |
|---|---|---|---|
| Msimamizi ni nani | Mwanafamilia | Mwanafamilia | Kabidhi Wasii Mkuu |
| Mnalipa nini | Ada za mahakama, nauli, nakala | Hizo, pamoja na ujira wa wakili | Ada za usimamizi, zinazotoka kwenye mali |
| Panapofaa zaidi | Mahakama ya Mwanzo, familia inaelewana | Mahakama za juu, ugomvi, wosia unaopingwa, kampuni, ardhi yenye kesi | Hakuna anayeaminika na wote, warithi ni watoto, au wosia umeitaja |
| Panapoumiza | Mkikosea mahakama au mkiacha hesabu | Mkilipa bila maandishi | Mkitaka mambo yaende kwa kasi na kauli yenu |

Kwenda mwenyewe

Watu huidharau njia hii, na mimi ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kuliko zote. Mahakama ya Mwanzo ilijengwa kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Lugha ni Kiswahili, fomu zinajulikana, karani amezizoea. Unakwenda na cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha familia wenye majina na saini za waliohudhuria, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na vielelezo vya mali unayoijua. Unajaza fomu namba 1 ya maombi. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ikifika warithi wanaitwa, hakimu anawauliza kama wanakubali, wadhamini wanatia saini dhamana, na unapewa barua ya usimamizi, yaani fomu namba 4.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliwafungulia mlango, lakini ni pale tu anapoketi hakimu mkazi. Kwa hiyo mtu akikuambia "nitakusimamia Mahakama ya Mwanzo", muulize ni mahakama ipi na hakimu wake ni wa ngazi gani. Mahali pengine utakuwa umemlipa mtu ambaye siku ya shauri atakaa nje kwenye benchi, wewe uingie peke yako.

Katika njia hii kazi ngumu ni kikao, fomu ni nyepesi. Nimeona vikao vya dakika kumi vilivyoandikwa na baba mdogo nyumbani kwake, majina ya mabinti walioolewa mbali yakiachwa "ili wasisumbuliwe". Hao waliosahaulika ndio wanaorudi na pingamizi. Mtoto wa nje ya ndoa aliyefichwa, mke wa pili anayeishi Kilosa, binti aliyeko Muscat anayetuma pesa kila mwezi lakini hakupigiwa simu: kila mmoja wao akiachwa nje leo, kesho anaweza kuomba uteuzi utenguliwe. Mwanafamilia aliye mbali anaweza kuandika ridhaa yake na kuiapia huko aliko, au kumpa mtu hati ya uwakilishi. Mpigieni simu, ni nafuu kuliko kesi.

Msaidizi wa kisheria anakaa wapi hapa? Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 tunatambuliwa rasmi, tunasajiliwa, na huduma yetu ni bure kwa asiye na uwezo. Tunakufundisha, tunakusaidia kupanga nyaraka, tunakaa na familia kwenye kikao ikibidi. Hatusimami mahakamani kwa niaba yako. Anayekuomba pesa "ya hakimu" akijiita msaidizi wa kisheria, mfungie mlango na kamripoti. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewafikisha wanasheria hadi vijijini, na kwenye meza zake mirathi na ardhi hazikosekani. Wakija wilayani kwenu, nendeni na faili lote, msiende na maneno matupu.

Kwa wajane wanaosukumwa nje kwa kisingizio cha mila, nasema wazi: msiende peke yenu. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wana uzoefu wa mashauri haya. WLAC ndiyo iliyosimama na wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi kwa sheria hizo za 1963. Mahakama Kuu ilipokataa kuzifuta, shauri lilikwenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilisema haki zao zilivunjwa. Mjane anayeambiwa "hii ndiyo mila yetu" ana haki ya kujua kwamba mila hiyo imepingwa hadi huko. Na mara nyingi hoja ya kwanza inayomsaidia ni ya mchumo wa pamoja: nyumba mliyoijenga wawili haiingii yote kwenye mirathi. Sehemu yake ni yake kabla ya mgawo kuanza.

Wakili

Sasa nije kwa wakili, maana kuna mirathi ambayo kwenda bila wakili ni kujitakia hasara. Mirathi ya Mahakama Kuu ni mojawapo. Kisheria Kiswahili ndicho lugha ya mahakama tangu 2021, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ina kanuni zake, viapo vyake, dhamana zake na maamuzi mengi ya zamani yaliyoandikwa Kiingereza, na kosa dogo kwenye maombi linaweza kulirudisha faili nyuma kwa miezi. Mkichelewa zaidi ya miaka mitatu tangu kifo, maombi lazima yaeleze kwa nini mmechelewa, na maelezo hayo yanataka mtu anayejua mahakama inakubali sababu zipi. Wosia unaopingwa, hisa za kampuni, kiwanja ambacho mtu wa tatu anakidai, mkopo wa benki uliowekewa nyumba dhamana, ndugu wawili walioteuliwa na mahakama mbili tofauti: hapa lipeni wakili, tena mapema.

Kumpata siyo kazi ya siku moja. Kwanza tofautisha mwanasheria na wakili. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni yule aliyepita Shule ya Sheria kwa Vitendo au aliyesamehewa kisheria, akaapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni ya mwaka huu. Leseni huhuishwa kila mwaka, hivyo wakili wa mwaka juzi anaweza asiwe na ruhusa leo. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili ambamo unaandika jina na kuona hali yake. Fanya hivyo kabla ya kikombe cha chai cha kwanza. Vishoka, yaani mawakili bandia, wamejaa nje ya mahakama na kwenye vibanda vya kuchapa, wana mihuri, wana mafaili, na wanajua majina ya makarani wote. Wa kwetu kijijini alikuwa na vyote hivyo.

Ukishajua ni wakili kweli, bado hujajua kama ni wakili wa mirathi. Wapo mahiri wa kesi za jinai ambao hawajawahi kufunga faili la mirathi hata moja. Mimi nawashauri watu wamuulize hivi: "Wakili, mirathi yako ya mwisho uliifunga lini, na ilichukua muda gani tangu barua ya usimamizi hadi hesabu ya mwisho?" Anayefanya kazi hii atakujibu bila kusita na atakueleza ilikwama wapi. Asiyeifanya atakueleza jinsi alivyopata barua. Kupata barua ni mwanzo wa safari.

Muulize pia anamwakilisha nani. Hapa pamevunja familia nyingi. Kaka mkubwa anamleta wakili, anamtambulisha kikaoni kama "wakili wetu", wote wanamfungulia mioyo, wanamweleza hadi walichokuwa wanakificha. Ugomvi ukitokea wanagundua kuwa wakili ni wa msimamizi, mkataba ni wa kaka, na yale waliyoyasema sasa yanatumika dhidi yao. Wakili hakufanya kosa lolote hapo, ndiyo kazi yake. Kama ndugu mna maslahi yanayogongana, mwenye wasiwasi atafute ushauri wake mwenyewe, hata wa saa moja.

Kuhusu bei, kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango, lakini mazungumzo huwa ya mezani. Wapo wanaotaka asilimia ya mali yote. Mimi siipendi njia hiyo kwa mirathi isiyo na ugomvi, kwa sababu nyumba ya milioni mia mbili na nyumba ya milioni ishirini zinaombewa kwa karatasi zile zile. Bora malipo kwa hatua: kiasi fulani maombi yakisajiliwa, kingine barua ikitoka, kingine hesabu ya mwisho ikipokelewa na mahakama. Sehemu ya mwisho isiwe ndogo. Ukimlipa wakili yote mwanzoni umemnyima sababu ya kurudi, na mirathi nyingi hufia katikati.

Mkubaliane kwa maandishi, hata ukurasa mmoja. Ada za mahakama zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na risiti ibaki kwako. Na pesa za marehemu, ziwe za benki, za mafao au za mauzo ya gari, zisipite kwenye akaunti ya wakili wala ya msimamizi binafsi. Msimamizi afungue akaunti ya mirathi. Nimeona ndugu waliopendana tangu utoto wakiacha kusalimiana kwa sababu ya milioni nne zilizopita kwenye simu ya mtu mmoja, ambaye huenda hata hakuzila.

Kama wakili amekukosea kweli, Kamati ya Mawakili inapokea malalamiko. Lakini nenda na maandishi yako. Bila risiti wala mkataba, utakuwa na machozi tu ya kuwaonyesha.

RITA

Wengi wanaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa na vifo. Jina lake kamili, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, linaeleza zaidi: mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kisheria anaweza kuteuliwa kusimamia mali ya marehemu. Anaweza kutajwa kwenye wosia, anaweza kuombwa na familia, au mahakama inaweza kumpa kazi hiyo inapoona ndugu hawataelewana. RITA pia huandika na kutunza wosia kwa walio hai, huduma ambayo natamani ingetumiwa zaidi, maana nusu ya mafaili ninayoyaona yasingekuwepo kama baba angeandika kurasa mbili.

Ikilinganishwa na wakili, RITA haina upande. Haimpendi kaka mkubwa, haimwogopi shangazi. Kwa mtoto wa miaka sita aliyefiwa na wazazi wote wawili, na ndugu watatu wanaogombania kumlea kwa sababu ya nyumba ya kupangisha, hiyo ni kinga kubwa. Nimewahi kumshauri bibi mmoja hivyo, akaniuliza, "Mwanangu, nikiwapa serikali nitaipata tena nyumba ya mjukuu wangu?" Swali la haki. Jibu ni kwamba nyumba haiwi ya serikali. Msimamizi, awe nani, hashiki mali kama yake, anaishika kwa ajili ya warithi, na kodi ya wapangaji inaingia kwenye hesabu ya mtoto.

Lakini mnakubali pia mwendo wa ofisi ya umma. Mnapotaka kuuza trekta kabla ya msimu, uamuzi hautakuwa wenu. Ada zinatoka kwenye mali, kwa hiyo kwa mirathi ndogo ya kiwanja kimoja kisichopimwa na akaunti yenye laki tatu, sioni sababu. Na kama familia inaelewana, kuikabidhi RITA ni kuwanyang'anya ndugu kazi ambayo ingewaunganisha.

Mlio nje ya Bara

Kwa Zanzibar, Muislamu aliyefariki huko ana Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo hukusanya na kugawa mirathi ya Waislamu. Anayetoka Bara akidhani barua yake ya Temeke itafanya kazi Forodhani moja kwa moja, asimame kwanza aulize.

Kenya nayo ina Sheria ya Urithi yake, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na anayeshabihiana na Kabidhi Wasii wetu ni Mdhamini wa Umma. Marehemu mwenye plot Mombasa na nyumba Tanga atahitaji uteuzi wa nchi moja utambuliwe na mahakama ya nchi nyingine. Hiyo ni kazi ya wakili, tena wa kila upande, na sioni njia ya mkato.

Kwa mlio Ulaya, Marekani au Ghuba: hati ya uwakilishi mnayomtumia ndugu iseme hasa anachoruhusiwa kufanya. "Kunisimamia katika mambo yote" ni ufunguo wa nyumba nzima. Andikeni: kuhudhuria kikao, kutoa ridhaa ya uteuzi wa fulani, kupokea fungu langu na kuliweka katika akaunti namba fulani.

Swali la mwisho la kumuuliza yeyote utakayemchagua

Fomu 5 na fomu 6 nani atazijaza?

Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe awasilishe fomu namba 5, orodha kamili ya mali na madeni, kisha fomu namba 6, hesabu ya jinsi alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa. Kwa mahakama za juu, chini ya ile Sura ya 352, ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mahakama inaweza kuongeza muda ukiomba. Kudanganya ndani yake ni kosa la jinai, na kutowasilisha ni sababu ya kutenguliwa. Hapa ndipo wengi waliosaidiwa vizuri mwanzoni hubaki peke yao. Wakili alishalipwa, msaidizi wa kisheria amepewa familia nyingine, msimamizi ana barua mkononi na anadhani amemaliza. Miaka inapita. Siku moja mnunuzi anataka kubadilisha hati, ofisi ya ardhi inauliza hesabu ya mwisho, na faili halina.

Kwa hiyo ninapolinganisha watu wa kunisaidia, namba ya kwanza ninayoitazama si bei. Natazama nani atakayekuwepo mwezi wa nne baada ya barua kutoka.

Mirathi ya baba ilifungwa Morogoro, katika awamu ya pili, bila wakili, kwa daftari la mama la mistari ambamo aliandika kila shilingi ya kodi ya chumba cha mbele tangu siku ya msiba. Hakimu alizipitia kurasa zake moja moja, akawauliza ndugu zangu sita kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesema. Karani akagonga muhuri, na mama akaomba arudishiwe daftari lake.